Waya Uliopita Dirishani kwa Mama

Mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, na sioni haya kusema hivyo. Kanisani wanahubiri kwamba kinyongo humla anayekibeba. Labda changu kilikuwa cha mbegu nyingine, maana mimi nilinenepa nacho. Kilinipandisha ngazi, kikanifundisha kumenya waya, na mwisho kikaniwekea televisheni katika chumba ambacho hakijawahi kuwa na hata swichi ya taa ukutani, sembuse tundu la antena.

Chumba hicho ni cha kulala cha mama yangu, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nyuma ya soko la Base Camp. Kuta ni za udongo, juu bati, dirisha moja la ubao, kitanda, sanduku la nguo, na msumari wa kutundikia kitenge cha Jumapili. Huko ndiko mama alikolala mchana kutwa tangu siku aliyoanguka. Na aliyemwangusha ninamjua, ninamsalimia kila ninapokutana naye, na damu yake imo ndani ya nyumba yetu: ni baba mzazi wa wifi yangu, yaani mke wa kaka yangu. Ni mkwe wetu.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Kwetu, Kivu ya Kusini huko Congo, mkwe ni mtu wa kuinamiwa. Hubishani naye mbele za watu. Akikuomba kitu kilicho ndani ya uwezo wako, hukatai. Akija nyumbani kwako, kiti kizuri kuliko vyote ni chake, hata kama ulikuwa umekikalia wewe mwenyewe na mguu unakuuma. Na kuna mwiko mmoja uliozidi yote: mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama wa upande wa pili. Hata nyumba ikiwaka moto, atasimama nje na kuita mtu mwingine. Tulivuka mpaka na sufuria mbili tu, lakini mwiko huo tulivuka nao mzima.

Mkwe wetu anauza nguo za mitumba sokoni, na ana dishi juu ya paa. Jumapili baada ya ibada, majirani hujaa sebuleni kwake kutazama kwaya, na jioni mpira. Mama hakukosa hata Jumapili moja. Alikuwa na kiti chake cha plastiki chenye mikono, karibu kabisa na televisheni, kwa sababu macho yake yana ukungu na vitu vya mbali huviona kama moshi. Watu walimwachia kiti hicho bila kuambiwa. Mama alikuwa mjane mkimbizi aliyelima ekari ya watu, lakini kwa saa mbili za Jumapili alikuwa mukwe, kama tunavyotamka kwetu, na alikaa pa mukwe.

Jumapili hiyo nilikuwa nimeketi mkekani, miguuni pake. Waliingia wanaume watatu, wafanyabiashara wakubwa wa sokoni, na viti vilikuwa vimekwisha. Mkwe akazungusha macho. Angeweza kumwinua mwanawe. Angeweza kuniinua mimi nikaazime kiti kwa jirani. Macho yake yakatua kwa mama yangu.

"Weye mama, utoke hapo," akasema. "Bageni bamefika. Kamata kile kidumu, ukae kule ku mulango."

Hakumwita Mukwe. Alimwondoa kama mtu anavyofukuza mbuzi kwenye unga wa muhogo uliotandazwa juani. Mama aliinuka, akakichukua kidumu cha njano, kile cha mafuta ya kupikia, kitupu, akakiweka mlangoni kwenye sakafu ya sementi. Akakikalia. Kidumu kikateleza, na mama akaanguka ubavu, miguu juu, kitenge kimepanda hadi magotini mbele ya wanaume.

Sebule ikacheka. Nitasema kweli: hata wenye huruma walicheka kidogo kabla ya kujizuia. Lakini mkwe hakujizuia. Alicheka, akajifuta machozi, kisha akawaambia wageni wake, "Muntu mukubwa anashindwa kuikala ku kidumu?"

Tulimbeba mama nyumbani kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma. Kliniki walisema mfupa haukuvunjika. Nyonga nayo haikusikiliza kliniki. Tangu hapo alitembea kwa fimbo hadi chooni na kurudi, basi.

Kwetu, mkwe akimkosea mkwe mwenzake huja na kuku. Haji na maneno mengi. Anashika kuku mkononi, anakaa, anakohoa, kila mtu anajua. Tulimsubiri wiki ya kwanza, tukamsubiri ya pili. Wifi yangu alikuwa akifagia uani huku akichungulia njia, maskini, kwa sababu aibu ya baba yake ni yeye aliyekaa nayo mezani kwetu. Kuku wa mkwe walipita mbele ya mlango wetu kila siku, wanono, wakichakura. Yeye hakuja.

Kaka yangu alisema tuyaache, ni mkwe. Mama hakusema lolote mpaka jioni moja nilipokuwa nikimkanda nyonga kwa maji ya moto. Nilimwona analia, nikamuuliza kama nimemminya.

"Silie juu ya nyonga," akasema. "Nyonga itapona ao itaacha. Nalia juu ya ile kucheka."

Mkono wangu ulisimama ndani ya beseni. Nikaapa hapo hapo, kimya kimya, kwamba yule mzee atasimama nje ya starehe ya mama yangu kama mama alivyowekwa mlangoni pa starehe yake. Sikujua kwa njia gani.

Njia niliipata mjini Mbarara. Siku za kazi ninakaa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa mwalimu mmoja mstaafu ninayemfulia na kumpigia pasi. Ijumaa jioni ninarudi Nakivale. Watoto wake walimnunulia televisheni mpya ya kuweka chumbani kwake, maana magoti yalikuwa yamemchosha kukaa sebuleni. Fundi alipokuja kuifunga, akazunguka kuta zote nne akipapasa nyuma ya kabati.

"Nyabo, tundu ya antena iko wapi?" akaniuliza, akiniita mama kwa lugha ya huko.

"Iko sebuleni tu. Huku chumbani haijawahi kuwako."

Nilidhani atakusanya vifaa vyake na kuondoka. Akacheka. "Si shida. Dirisha iko?"

Nilimshikia ngazi asubuhi nzima, na nilitazama kila kitu kama mtu anayetazama mahali jirani anapoficha ufunguo. Waya ulishuka kutoka kwenye antena ya paa, ukafuata ukuta. Chini ya dirisha aliulegeza, ukaning'inia kama tumbo kabla ya kupanda tena na kuingia chumbani. Akaniambia kwamba maji ya mvua hufuata waya. Yakifika kwenye tumbo lile yanadondoka chini, hayaingii ndani ya mashine. Halafu akamenya ncha ya waya, ganda la nje urefu wa kucha, akazikunja nyuma zile nyuzi nyembamba zilizosukwa kama wavu, akabakiza shaba ya katikati imesimama peke yake. Unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba, alisema, picha imekufa.

Nikamwomba ncha ya pili nimenye mimi.

"Wewe unataka kuwa fundi?"

"Nataka kumkomesha mtu."

Akacheka sana, akanipa koleo. Alidhani ni utani.

Mwalimu alikuwa na televisheni ndogo stoo, iliyokuwa ya mwanawe enzi za shule, yenye uwezo wa kutumia betri. Nilimwomba bila kuzunguka. Akanipa, na dekoda yake kuukuu juu, akasema nikumbuke kuifuta vumbi. Fundi akanipa kipande cha waya na antena ya kwenye mti iliyopinda mkono mmoja. Ijumaa hiyo nilirudi Nakivale nimeipakata televisheni kitambaani kama mtoto mwenye homa, na njia nzima kupitia Masha nilikuwa nikitabasamu peke yangu hadi abiria mwenzangu akaniuliza kama ninaolewa.

Kaka alisema tuiweke sebuleni, watu wapate kuona. Kaka anachajia watu simu sokoni kwa sola, betri ilikuwa yake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema. Nikamjibu kwamba mgonjwa yuko chumbani, na televisheni ni ya mgonjwa. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kweli ya pili, kwamba katika dunia nzima yenye vyumba, kuna kimoja tu ambacho mkwe wetu hawezi kuvuka kizingiti chake, na mimi nilikuwa nimekipata.

Tulisimamisha mlingoti wa mkaratusi nje ya dirisha la mama. Tuliuchimbia shimo jembamba na kuufunga kwenye boriti ya paa kwa vipande vya mpira, ili uzunguke mtu akiushika. Nilimenya waya, nikauacha uwe na tumbo chini ya dirisha, nikatoboa tundu pembeni mwa fremu, nikauingiza. Kazi safi. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi, na maandishi ya kusema hakuna mawimbi.

Basi tukafanya kosa ambalo, nadhani, lingefanywa na sisi tu. Nilitoka nje, nikauliza antena itazame wapi, na mama akajibu kutoka kitandani bila kufikiri, "Kwetu." Wala sikuona ajabu. Miaka yote tukitaka habari, tukitaka kujua nani yuko hai na nani hayupo, tunageuza uso kule jua linakozama. Nikaigeuza antena kuelekea Congo. Kaka akaja, akasema nimekosea kidogo, Kivu ya Kusini iko zaidi mkono wa kushoto. Jirani mmoja naye akaja kutoa hoja yake, kwamba kwao ni juu kidogo ya pale. Tulibishana nusu saa nzima kuhusu mahali nchi yetu ilipo, na kioo kilibaki cheusi.

Nikampigia fundi.

"Antena unaangalisha wapi?" akauliza.

"Kwetu. Congo."

Kisha akasema, taratibu, "Nyabo, antena haijui kwenu. Antena inajua mnara. Angalisha Mbarara."

Tuliipa Congo kisogo. Nilihisi vibaya kidogo, siwezi kudanganya. Nikauzungusha mlingoti hadi antena ikaelekea vilima vya Masha, na kutoka ndani nikasikia sauti ya mwanamke akisoma taarifa, na sauti ya mama ikimjibu salamu.

Baada ya hapo mama alikuwa na baraza. Televisheni ilikuwa juu ya sanduku, karibu na mto wake kiasi cha kuigusa kwa fimbo, na kwa umbali ule ukungu wa macho haukumsumbua. Kinamama walikuja na mboga za kuchambua, wakakaa ukingoni mwa kitanda. Alivaa kitenge cha Jumapili hata Jumanne. Na habari zikatembea, kama nilivyotaka zitembee. Mkwe akamuuliza binti yake sokoni kama televisheni iko sebuleni. Wifi akamwambia iko kwenye chumba cha kulala. Akaendelea kukunja suruali zake za mitumba. Wifi alinisimulia hayo na macho yake chini. Mimi nililala vizuri siku hiyo.

Kisha ikafika Jumapili ya mechi ya Congo. Asubuhi mvua ya upepo ilipita, ikang'oa bati mbili za jirani na kulipindua dishi la mkwe likabaki linatazama ardhi. Fundi wa dishi asingekuja mpaka kesho. Nilifurahi, acha niseme wazi. Sikuwa nimegusa kitu. Mungu mwenyewe alipanda juu ya paa.

Saa kumi jioni chumba cha mama kilijaa hadi kwenye sanduku. Waliokuja ni wale wale wa sebuleni kwa mkwe, wakiwemo wale wanaume watatu, ambao sasa walikuwa wamebanana mkekani na magoti yao kidevuni. Tulifunga ubao wa dirisha, kwa sababu jua la jioni linaingia moja kwa moja na kukifuta kioo. Kaka alikuwa sokoni na simu za watu. Wifi akaja kuninong'oneza, "Papa eko ku salon."

Alikuwa amekaa sebuleni kwetu peke yake, upande wa pili wa pazia, amevaa koti, akisikiliza wimbo wa taifa kama mtu anayesikiliza harufu ya chakula.

Mpira haujachezwa dakika kumi, picha ikaanza kukatika. Upepo ulikuwa umelegeza vile vipande vya mpira vilivyofunga mlingoti. Watu wakapiga kelele. Nikainuka kwenda nje, na mama akaninyooshea kiganja nikae.

"Mukwe," akaita, kwa sauti ya heshima iliyonyooka, hata mimi sikuwa nimeisikia kwa miezi. "Mukwe, uko pale? Utusaidie na muti wa antena. Uko unayumba."

Hakuna mkwe anayeweza kukataa ombi kama hilo mbele ya watu. Tukasikia kiti kikisogea, viatu vikizunguka nyumba, kisha mkono wake ukagusa mlingoti. Picha ikarudi mara moja, safi kabisa.

"Kidogo kuume," mama akasema kuelekea dirishani.

Mlingoti ukageuka. Picha ikatetemeka.

"Hapana. Urudishe. Kushoto kidogo. Haya. Sasa ushike hapo hapo, usiachie."

Picha ilikuwa nzuri tangu alipoushika mlingoti. Nilidhani ni macho ya mama. Nilimwonea huruma. Kila baada ya dakika chache alimwambia asogeze, arudishe, ainue, na yule mzee alitii, akipumua kwa nguvu upande wa pili wa ubao, kiasi cha hatua moja kutoka kwenye mpira asiouona. Halafu Congo ikafunga, na kabla ya mtu yeyote kutamka neno, mama akapaza sauti akitaja namba iliyo mgongoni mwa mfungaji. Namba yenyewe hasa. Nikageuka kumtazama. Kwa ukaribu ule macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Yalikuwa kwenye kioo, na mdomo wake umefungwa vizuri.

Chumba kikatetemeka kwa shangwe. Nje, sauti ikauliza, "Ni nani? Ni sisi?"

Hakujibiwa haraka.

Wakati wa mapumziko mama akaniambia, "Umupelekee mukwe kiti. Kile cha mikono."

Na sisi tulikuwa na kiti cha mikono, pale sebuleni. Nilikipita. Nikaenda jikoni, nikachukua kidumu chetu cha njano, nikamwaga maji yaliyokuwamo, nikazunguka nyumba na kukiweka miguuni pake, kando ya mlingoti. Alikitazama kidumu, akanitazama mimi, tope limempanda hadi kwenye pindo za suruali. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miezi minne, na hakuna hata moja lililohitajika. Akakaa, polepole, huku ameukumbatia mlingoti kwa mikono miwili.

Nikarudi ndani. "Umemupa kiti?"

"Nimemupa, mama."

Kipindi cha pili kikaanza. Mama alitazama kidogo, akakohoa, akaita tena kuelekea dirishani, kwa heshima ile ile.

"Mukwe, umeikala muzuri?"

Kisha sauti ikaja, ndogo. "Ndiyo, Mukwe. Niko ku kidumu."

Wale wanaume watatu wakaangalia mkeka. Mama akanigeuzia uso, akanitazama kama alivyonitazama utotoni aliponikuta na sukari mdomoni, na nikajua nimepatikana. Sikuinamisha kichwa. Alinitazama hivyo muda mrefu. Halafu akalirudia dirisha.

"Basi uikale polepole," akasema. "Kile kinatelezaka."

Mtangazaji aliendelea kusema peke yake. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Ninajua, Mukwe," mzee akasema kutoka nje, na sauti yake ilikwaruza. "Nilikosa. Nilicheka, na haikukuwa ya kucheka. Nitakuja na kuku."

Mama akafumba macho. Machozi yalimtoka, mawili tu, akayaacha yashuke hadi masikioni bila kuyafuta. Akafumbua macho, akanyoosha kitenge chake magotini, akatazama kioo, ambapo kila jani la nyasi lilikuwa linaonekana.

"Nimekusikia, Mukwe," akasema. "Sasa geuza kidogo kuume. Picha iko inakatika."

Nje, mlingoti ukaanza kuzunguka.